Ati Maktaba Haina Mwenyewe

Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, alipoteza macho kwa presha ya macho akiwa keshastaafu serikalini. Giza alilizoea kwa taratibu zake. Kilichomkera ni sauti ya kompyuta. Programu iliyokuwa ikimsomea maandishi ilijua Kiarabu na ilijua Kiingereza, lakini Kiswahili ilikuwa haikijui hata chembe, kwa hiyo ikakisoma kama Kiingereza. Dada yake akimwandikia kutoka Unguja kwamba bomba la uani limepasuka na fundi hajaja, yeye anasomewa kitu kama mtalii anayeuliza njia Darajani.

"Hebu sikiliza," aliniambia Ijumaa moja nyumbani kwake Hail, hapa Maskati. Tulikuwa tumeshakula, sahani bado hazijaondoshwa. Akabonyeza kitufe, mashine ikatapika maneno. "Hii ndiyo lugha niliyonyonya. Yasomwa kama namba za gari. Na mie nna mtoto anatengeneza makompyuta, nnaye hapa kakaa mbele yangu."

Sitengenezi makompyuta. Naandika programu, na wakati ule nilikuwa katika kampuni moja ya Khuwair ya Kusini inayouza mifumo ya miadi kwa zahanati. Lakini ami si mtu wa kusahihishwa akiwa na haki, na siku ile haki alikuwa nayo. Mji huu umejaa nyumba za Waomani waliotoka Afrika Mashariki, ambamo watu wanagombana, wanabembeleza watoto na wanazika wazee wao kwa Kiswahili, na hakuna aliyeona haja ya kuifunza mashine lugha hiyo.

Nikatafuta, nikaikuta maktaba. Kwetu sisi waandika programu maktaba si nyumba ya vitabu. Ni fungu la msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ambalo mtu ameliandika mara moja akaliweka, ili wengine walitie ndani ya programu zao badala ya kuanza upya. Hii niliyoikuta iligeuza maandishi ya Kiswahili kuwa sauti. Ilikuwa huria, maana yake yeyote ana ruhusa ya kuichukua, kuitumia, kuibadilisha, hata kuiuza akitaka, kwa sharti moja: majina ya walioitengeneza na maneno ya ruhusa yao yabaki pamoja nayo popote itakapokwenda. Aliyeianzisha ni mwalimu wa hesabu huko Tanzania bara. Sauti ilikuwa ya mkewe, nesi, ambaye alisoma sentensi baada ya sentensi sebuleni kwao kila alipokuwa na nafasi baina ya zamu, mumewe ameshika kinasa sauti.

Ilikuwa kazi nzuri. Ilikuwa pia kazi ya mtu mwenye kompyuta moja. Yeye anatumia Linux, mfumo mmoja wa kuendeshea kompyuta, na kwenye Linux maktaba ilijengeka bila taabu. Ami ana Windows. Binti yake ana Mac. Na sote tuna simu.

Watu hudhani programu ni kama kanda, ukiitia kwenye redio yoyote inaimba. Si hivyo. Msimbo ni maandishi tu, na kabla mashine haijaweza kuyafuata ni lazima yajengwe: yageuzwe kuwa lugha ya mashine ile, yaunganishwe na maktaba nyengine yanazozitegemea, yawekwe mahali ambapo mashine itayakuta. Kila aina ya mashine ina namna yake. Ukishajenga, bado kuna kusakinisha kwenye kompyuta ya mtu ambaye hajui na hapaswi kujua lolote katika hayo.

Basi Ijumaa zangu zikawa za Hail. Baada ya chakula nafungua kompyuta yangu mezani, ya ami iko pembeni, yeye amekaa kwenye kiti chake na kahawa. Mwanzo ilikataa kujengeka kwa sababu maktaba moja ndogo iliyotegemewa haikuwa na toleo la Windows, nikalazimika kuitafutia mbadala. Halafu ikakataa kwa sababu mwalimu aliandika njia za mafaili kwa mtindo wa Linux, penye alama ya mkwaju inayolalia upande mmoja, na Windows inaitaka ilalie upande wa pili. Nikazipitia moja moja. Mwisho ikajengeka, ikasema vizuri kabisa kwenye kompyuta yangu. Nikaipeleka kwenye ya ami, nikabonyeza. Kimya.

"Imesema?" akauliza.

"Bado, ami."

"Mie nipo."

Ilinichukua Ijumaa kadhaa kugundua. Ami, alipoinunua kompyuta ile, aliandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono uleule uliofunzwa chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Mashine ikamfanyia folda yenye jina hilo. Maktaba ilijua herufi za Kizungu tu. Kila ilipokwenda kutafuta faili za sauti ndani ya folda ya ami ilijibu kwamba njia hiyo haipo.

Nikaenda mtandaoni kuuliza, kwenye baraza za waandika programu. Tatizo hilo linajulikana, nikaambiwa, tena la zamani. Na dawa yake? Mwambie mtumiaji abadilishe jina lake. Nilisoma jibu hilo kwa watu wengi, wameandika kwa utulivu mkubwa, wengine wakaongeza alama ya tabasamu. Nilifunga kompyuta nikatoka nje barazani nikasimama. Mzee wa watu amepoteza macho, na ushauri wa mabingwa wa dunia ni kwamba aanze kuitwa kwa herufi nyengine ili mashine isisumbuke.

Nilipomweleza ami hakucheka.

"Jina langu kanipa baba yangu," alisema. "Tengeneza hiyo mashine."

Nikamwandikia mwalimu. Alijibu kwa adabu sana: "Dada, mimi Windows sina na sijawahi kuwa nayo. Ukiweza kurekebisha, nitapokea kwa mikono miwili, na jina lako litaandikwa pamoja na yetu." Basi nikarekebisha. Si mimi peke yangu. Kulikuwa na wengine wachache nisiowajua kwa sura, mmoja Mombasa akajaribu kwenye simu, mwengine Lamu akasahihisha namna ya kusoma tarehe. Tulibishana kwa maandishi, tukasahihishana, tukashukuriana. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyetaja malipo. Kila aliyefanya kitu jina lake likaandikwa.

Siku iliposema kwenye kompyuta ya ami, alikuwa na ujumbe wa dada yake. Sauti ya nesi ikausoma wote, kuanzia salamu mpaka khabari za harusi ya jirani. Ami aliinamisha kichwa. Ulipokwisha akaurudia. Kisha akaanza kulalamika, na hapo nikajua kafurahi.

"Mama huyu wa bara. Kasema 'habari'. Khabari, mama, khabari. Na 'dhahabu' kaifanya 'zahabu'." Akausikiliza mara ya tatu. "Lakini anasoma kwa raha. Na kuna jogoo."

"Jogoo?"

"Kila akisema 'asubuhi na mapema' kuna jogoo nyuma yake. Kwa mbali. Wee husikii?"

Sikuwa nimesikia. Nikasogeza sikio na kweli, kwa mbali sana, palikuwa na jogoo. Nesi alikuwa amesoma sentensi ile nyumbani kwao na jogoo wa jirani akaingia naye kwenye rekodi, na kwa kuwa maktaba ilitumia vipande vya sauti yake halisi, kila maneno hayo yanapotokea jogoo naye hutokea. Nikamwambia ami naweza kumwandikia mwalimu amtoe. Akakataa. Alisema angalau kitu kimoja katika mashine ile kiko hai.

Kosa langu, kama ni kosa, lilikuwa kutaja jambo hili kazini. Nilikuwa nakunywa chai ya karak na wenzangu nikasimulia. Meneja wetu akapita, akasimama kusikiliza.

"Kiswahili?" aliuliza kwa Kiarabu. "Nani anataka Kiswahili Maskati?"

Huyu ni mtu ambaye bibi yake humpigia simu mchana, na yeye hutoka mpaka kwenye ngazi ili aipokee, na ukipita karibu unamsikia, "Naam bibi, nimeshakula bibi." Kiswahili cha Pemba, kizuri, kimenyooka. Akirudi ndani anafunga mlango na kuwa mtu mwengine. Nilijua wangapi tuko hivyo katika mji huu, kwa kuogopa kuhesabiwa si Waarabu kamili, na sikutaka kumuaibisha mtu kwa lugha ya bibi yake.

Lakini baada ya muda aliniita. Kulikuwa na jumuiya ya watu wasioona iliyokuwa ikitafuta programu ya kuwasomea wanachama wake, na wengi wao ni wazee wanaotaka Kiswahili. Ghafla Kiswahili kikawa na watu. Akaniomba nimwoneshe maktaba. Nikamwonesha, nikamweleza na sharti lake, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, ili isije ikasemwa hakufahamu: kuiuza anaruhusiwa, majina hayaondoshwi.

"Bila shaka," alisema.

Siku ya kikao cha kuionesha programu, mwenyekiti wa jumuiya alikuja ofisini kwetu na wenzake wawili. Ni mwanamke wa makamo, haoni tangu utotoni, wazee wake walitoka Tabora. Alikuwa ameomba awepo mtu anayeitumia sauti hiyo kila siku, kwa hiyo nilimleta ami, kanzu yake imepigwa pasi na kilemba chake kimefungwa sawasawa. Mimi nilikaa nyuma.

Meneja akawasha skrini kubwa na kuanza kusakinisha, huku akieleza kwa maneno kinachotokea. Katika toleo letu lile huria, ukisakinisha, dirisha la kwanza hutoa majina: mwalimu, mkewe, yule wa Mombasa, yule wa Lamu, mimi, na wengineo. Niliangalia dirisha lile. Majina hayakuwepo. Palikuwa na nembo ya kampuni, na chini yake maneno kwamba haki zote zimehifadhiwa.

"Sauti hii," meneja akasema, "tumeirekodi wenyewe, katika studio yetu."

Nikawaza yule mama ametoka zamu miguu imemvimba, amekaa sebuleni kwake anasoma sentensi za kipuuzi, 'mbuzi amepanda ukuta', 'nipe kikombe cha tatu', ili mtu asiyemjua aweze kusomewa. Na sasa studio. Kampuni yetu haikuwa na studio. Ilikuwa na chumba cha kuhifadhia karatasi.

Kabla sijafungua mdomo, ami akainua mkono.

"Mwanangu," alimwambia meneja, kwa Kiswahili, "hebu iambie iseme 'nitakuja asubuhi na mapema'."

Meneja akaandika. Sauti ikasema. Chumba kilikuwa kimya, na wale wageni wana masikio.

"Studio yenu iko wapi?" ami akauliza.

"Hapa hapa, mzee wangu. Khuwair."

"Mnafuga majogoo?"

Mwenyekiti ndiye aliyecheka wa kwanza. Meneja akasema ni kelele za vyombo, zitasafishwa. Hapo nikasimama. Nilizungumza kwa Kiarabu ili kila aliyekuwemo afahamu. Nikasema sauti ile ni ya nesi aliye Tanzania, kwamba mumewe ndiye aliyeandika maktaba, kwamba watu kadhaa tumeijenga ifanye kazi kwenye mashine tofauti, kwamba majina yetu yalikuwemo kwenye dirisha lile na yamefutwa, na kwamba kuyafuta ni kuvunja sharti pekee tuliloliweka. Nikakaa. Sikupandisha sauti, ingawa ami alisema baadaye kwamba nilikuwa nahema kama niliyepanda mlima.

Kikao kikamalizwa kwa heshima, kwa kahawa na halua. Wageni walipoondoka meneja akaniita ofisini kwake na kufunga mlango, na huko akazungumza Kiswahili, kwa mara ya kwanza nami.

"Umenivunjia heshima mbele ya watu."

"Wewe umefuta majina ya watu."

"Watu gani? Kitu kimetupwa kwenye mtandao, bure, kila mtu anachukua. Hakina mwenyewe kile."

"Kina wenyewe. Walikuwa wameandikwa."

"Basi mbona hawakuuza, kama ni chao?"

"Kwa sababu wametoa. Mtu akitia maji njiani watu wanywe, ukichukua mtungi ukaandika jina lako, umefanya nini?"

Akatikisa kichwa kama anayezungumza na mtoto. "Na wewe ni mfanyakazi wangu. Ulichokifanya ni cha kampuni."

"Nilikifanya Hail, Ijumaa, kwa kompyuta yangu, kwa ajili ya ami yangu."

Akaniagiza nitengeneze toleo jengine, jogoo aondoshwe. Nikakataa. Nilisema nitalijenga toleo lolote analotaka siku majina yatakaporejea. Akasema hana haja nami, yuko mwengine wa kufanya. Nikatoka nikaenda maegesho, nikakaa ndani ya gari lililokuwa na joto la tanuri, nikashindwa hata kuwasha kiyoyozi. Neno lililonichoma si lile la kuvunjiwa heshima. Ni lile la 'hakina mwenyewe'. Nimeishi maisha yangu yote kati ya watu wanaosema hivyo kuhusu kila kilichotolewa kwa moyo. Mwanamke akipika kwa ajili ya mtaa mzima chakula hakina mwenyewe. Bibi akikulea kwa lugha yake, lugha haina mwenyewe, waweza kuiacha kwenye ngazi.

Mwenzetu aliyepewa kazi ile hakuwa mtu mbaya, aliagizwa tu. Akamwondoa jogoo. Alipokuwa anapunguza msimbo akakuta sehemu niliyoiandika kwa ajili ya folda zenye majina ya Kiarabu, akaona haina kazi, kwa kuwa kompyuta yake yeye ina jina la Kizungu, akaifuta. Kwenye mashine ya ofisini ikasema vizuri. Jumuiya ilikuwa imekubali kuinunua hata hivyo, basi wakaenda kuisakinisha mtaa wa Mawaleh, kwenye nyumba iliyopangwa na jumuiya si mbali na lilipokuwa soko la mboga, na mashine nyingi za pale, ambazo wenyewe walizipa majina yao kwa herufi zao, zikanyamaza.

Na kampuni ikawaambia nini? Mmeshajua. Ikawaambia wabadilishe majina.

Mwenyekiti akanipigia simu. "Dada," alisema, "mimi hayo mambo yenu ya majina ya madirisha siyajui sana. Watu wangu wanataka kusomewa. Ile yenyewe, ile ya wenyewe, naipata wapi?"

"Iko wazi. Unaichukua tu."

"Nani atatuwekea?"

"Mimi."

Nilikwenda Mawaleh siku ya mapumziko na kuisakinisha mashine baada ya mashine, wenyewe wamekaa pembeni wakizungumza, kila mmoja akiipa maneno ya kujaribu. Bibi mmoja aliiamuru iseme jina lake na la marehemu mumewe. Mwengine aliiandikia matusi ya Kingazija aone kama itathubutu, nayo ikathubutu.

Kazini sikufukuzwa. Nilihamishwa nikawekwa kwenye dawati la kupokea malalamiko ya zahanati, na watu waliokuwa wakinywa chai nami wakawa na shughuli nyingi nikifika. Nilivumilia, kisha nikaondoka mwenyewe na kupata kazi kwengine. Kampuni iliyarudisha majina baadaye, baada ya mwalimu kuwaandikia mara kwa mara, kwa maandishi madogo mahali ambapo asiyeona hawezi kufika na anayeona hawezi kusoma. La nesi wamelikosea.

Mwalimu mwenyewe hakukasirika kama nilivyotaka akasirike. Aliniandikia kwamba anashukuru Mungu wapo wanaosikia. Barua yake ilinikera pia. Nikamjibu kwamba upole wake ndio unaowapa watu nguvu, nikadhani nimemuudhi. Kumbe alikuwa amempa mkewe barua yangu aisome.

Nesi akanipigia. Ilikuwa ajabu kuisikia sauti ile ikisema maneno ambayo hakuna aliyeyaandika. Nilianza kumweleza mambo ya studio na haki zilizohifadhiwa, hasira ikanipanda upya, akaniacha nimalize.

"Yule meneja ana mama?" akauliza.

"Ana bibi."

"Basi siku moja huyo bibi atahitaji kusomewa," alisema, bila kicheko. "Jina langu walirekebishe. Usiwaache. Lakini niambie, hao wasioona wanaonaje ninavyosoma?"

Nikamwambia kweli: wanasema anakimbia sana kwenye namba, na wazee wa huku wanataka 'khabari' na 'dhahabu'. Akataka nimtamkie. Nikamtamkia, akarudia, nikamsahihisha, akarudia tena. Alipopata likizo alisoma upya sentensi zote za namba, na maneno yenye kha, dha na gha akayasoma mara mbili, kwa kwao na kwa kwetu, ili msikilizaji achague. Mwalimu akazituma. Nikajenga tena kwa kila aina ya mashine, na kwenye Mac ya binti wa ami ikakataa, kwa sababu ambayo mpaka leo sijaijua. Ijumaa hii nakwenda kuitazama.